Chama cha wastani Marekani: ujenge kipya, ubaki ulipo, au ubadilishe hesabu?

Jirani yangu hapa Lewiston, katika jimbo la Maine, ni mama wa Bukavu aliyeapishwa uraia si muda mrefu. Siku moja aliiweka fomu ya kujiandikisha kupiga kura juu ya meza yangu, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Yaya, mimi niko katikati. Chama ya katikati iko wapi?" Nikamwonyesha kisanduku cha wasiojiunga na chama chochote. Akatikisa kichwa. Yeye hakuuliza kisanduku, aliuliza chama.

Hayuko peke yake. Shirika la kura za maoni la Gallup limekuwa likiwauliza Wamarekani, kwa zaidi ya miaka 20 sasa, kama vyama viwili vikubwa vinatosha. Mwaka 2023 asilimia 63 walijibu kwamba vinafanya kazi vibaya kiasi cha kuhitajika chama kikubwa cha tatu. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 58. Wanaojiita huru, si wa Republican wala wa Democratic, wamepita asilimia 40. Ukisoma hayo tu utadhani wateja wamejaa mlangoni na duka halijafunguliwa. Kumbe maduka yamefunguliwa mengi, yakafungwa moja baada ya jingine, wala wateja hawakuwa wachache.

Basi nilinganishe njia zilizopo kwa ajili ya mtu kama huyu mama: mwenye msimamo wa wastani, kura moja, jioni mbili za kujitolea kila mwezi, na dola 50 za kuchangia. Aziweke wapi? Kuna kujenga chama kipya cha taifa zima. Kuna kubaki ndani ya chama kimojawapo na kukivuta. Kuna kuwasimamisha wagombea binafsi sehemu chache zilizochaguliwa kwa makini. Na kuna kuiacha kwanza habari ya vyama, ukashughulikia namna kura zinavyohesabiwa. Nasema mapema kwamba sitazipa uzito sawa.

Kuanzia juu: chama kipya na mgombea urais

Hii ndiyo njia inayopendwa na matajiri na magazeti. Nitakaa nayo zaidi kwa sababu ndiyo inayokula nguvu za watu wengi.

Mfano wake bora ni Ross Perot, bilionea wa Texas, mwaka 1992. Mwezi Juni mwaka huo Gallup ilimkuta mbele ya Rais George H. W. Bush na Bill Clinton wote wawili, akiwa na asilimia 39. Julai akajitoa, Oktoba akarudi, na Novemba akapata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima, watu zaidi ya milioni 19. Hapa Maine, ambako familia ya Bush ina nyumba yake kule Kennebunkport, Perot alimpita Bush kwa kura mia chache akawa wa pili. Sasa hesabu kura za wajumbe, zile 538 ambazo ndizo zinazomweka mtu Ikulu. Perot alipata sifuri.

Hakuna aliyemwibia. Majimbo 48 kati ya 50 humpa mshindi wa jimbo wajumbe wote hata akishinda kwa kura moja. Ni Maine na Nebraska tu zinazogawa baadhi yao kwa wilaya. Asilimia 19 iliyosambaa kama chumvi ndani ya pipa la maji haishindi popote. George Wallace, mtetezi wa ubaguzi wa rangi kutoka Alabama, alipata sehemu ndogo zaidi mwaka 1968, asilimia 13.5, lakini kura zake zilikuwa zimekusanyika Kusini, akaondoka na majimbo matano na wajumbe 46. Mfumo huu humlipa mwenye chuki ya eneo moja na kumnyima mwenye marafiki kidogo kidogo kila mahali. Na mtu wa wastani, kwa asili yake, marafiki zake ndivyo walivyokaa.

Msomaji wa Kenya anaujua ugonjwa wenyewe. Desemba ya mwaka huohuo wa 1992, Moi alirudi madarakani kwa asilimia 36 hivi, kwa kuwa Matiba, Kibaki na Odinga waligawana wapinzani wake. Leo Katiba ya Kenya inadai mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura, la sivyo kuwe na duru ya pili. Uchaguzi wa rais wa Marekani hauna duru ya pili. Una jambo la ajabu zaidi: asipopatikana wa kufikisha wajumbe 270, Baraza la Wawakilishi huchagua kati ya watatu wa kwanza, na kila jimbo lina kura moja tu, Wyoming sawa na California. Yaani chama cha wastani kikifanya muujiza na kuchukua majimbo kadhaa, uamuzi unarudi mikononi mwa wabunge wa vyama vilevile viwili ulivyovikimbia. Mwaka 1824 ilitokea: Andrew Jackson aliongoza kwa kura, na John Quincy Adams ndiye aliyeapishwa.

Wanasiasa wanaijua hesabu hii kuliko wachangiaji wao, ndiyo maana hukimbia. Kikundi cha Americans Elect kilishapata nafasi kwenye karatasi za kura za majimbo zaidi ya 20 mwaka 2012, kikakosa mgombea hata mmoja wa kufikia kiwango cha uungwaji mkono kilichojiwekea. Watu wa kikundi kingine, No Labels, walijiandaa kwa uchaguzi wa 2024, wakapata nafasi katika majimbo yapatayo 20, wakabisha hodi kwa huyu na yule. Joe Manchin, seneta wa West Virginia, alikataa. Chris Christie, gavana wa zamani wa New Jersey, alikataa. Aprili 2024 wakatangaza kwamba hawatamsimamisha mtu. Mwanasiasa mwenye jina hapandi jahazi ambalo kila fundi anasema litazama, na asiye na jina hapati abiria.

Kuna hofu ya kugawa kura pia, na hapa ni haki kusema kwamba hofu hiyo hutiwa chumvi. Mwaka 2000 Ralph Nader wa chama cha Green, ambaye hakuwa wa wastani hata kidogo, alipata kura zaidi ya 97,000 Florida, na George W. Bush akalichukua jimbo hilo, na urais, kwa kura 537. Huo ni ugawaji usio na ubishi. Lakini wapiga kura wa Perot, walipoulizwa wakitoka vituoni mwaka 1992, walisema kama asingekuwepo wangegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya Bush na Clinton. Chama kilicho katikati hasa huchota pande zote. Tatizo ni kwamba huwezi kujua mapema kitachota wapi zaidi, katika nchi ambayo urais unaweza kuamuliwa na majimbo matatu.

Kilichonishangaza mimi zaidi ni mwisho wa chama cha Perot. Mwaka 1996 aligombea kupitia Reform Party, akapata asilimia 8, na kwa sheria ya wakati ule kuvuka asilimia 5 kulikipa chama fedha za serikali kwa uchaguzi uliofuata. Kwa hiyo mwaka 2000 palikuwa na nyumba yenye hela ndani na wenyewe hawapo. Akaingia Pat Buchanan, mzalendo mkali wa mrengo wa kulia, akachukua tiketi na dola zipatazo milioni 12.6, akaambulia chini ya nusu ya asilimia moja ya kura. Chama kilichoanzishwa na watu waliochoshwa na kelele kikawa kipaza sauti cha mtu mwenye kelele kuliko wote. Hakikuwa na madiwani na wabunge wa kutosha, wala matawi yenye nguvu ya kumzuia mgeni mlangoni.

Kilichobaki cha kujivunia kilitokea jimboni, si Washington: Jesse Ventura, mcheza mieleka wa zamani, alishinda ugavana wa Minnesota mwaka 1998 kwa tiketi ya Reform Party, kwa asilimia 37, katika mbio za watu watatu na katika jimbo ambalo mtu anaweza kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura.

"Lakini Republican nao walianza wadogo"

Hoja hii huletwa kila mara, na ni kweli kwa kiasi. Chama cha Republican kilizaliwa mwaka 1854 kutokana na hasira juu ya sheria ya Kansas na Nebraska, iliyofungulia utumwa maeneo mapya. Mwaka 1856 kikawa cha pili, na mwaka 1860 Abraham Lincoln akashinda akiwa na chini ya asilimia 40 ya kura. Ukiona vyaelea, vimeundwa: chama cha Whig, kimojawapo cha viwili vikubwa vya wakati ule, kilikuwa kimesambaratika na nafasi yake ilikuwa wazi, na kabla ya Lincoln, Republican walishakuwa na magavana na wabunge wengi Kaskazini.

Tena hakikuwa chama cha wastani. Chama cha wastani mwaka 1860 kilikuwepo, kikiitwa Constitutional Union, na mgombea wake alikuwa John Bell wa Tennessee. Ilani yake ilikuwa fupi ajabu: Katiba, Muungano, na utekelezaji wa sheria. Kuhusu utumwa, swali lililokuwa likiipasua nchi, ilinyamaza. Bell alichukua majimbo matatu, Kentucky, Tennessee na Virginia, wajumbe 39. Miezi michache baadaye risasi zilikuwa zinalia na chama chake kimekwisha.

Kila nikisoma ilani ya chama kipya cha kati iliyojaa maneno ya umoja, busara na kushusha joto, bila kusema bima ya afya ilipwe na nani au mpaka wa Mexico ufanyweje, namkumbuka John Bell.

Katikati ya nani?

Neno letu lenyewe lina mtego. Wastani wa 2 na 10 ni 6, lakini katika watu hao wawili hakuna aliyeandika 6. Jirani yangu ni mtu wa kanisa. Mambo ya ndoa na malezi ya watoto anayaona kama bibi yake alivyoyaona. Papo hapo anataka bima ya afya ya serikali, mshahara wa chini upande, na ndugu zake waliobaki kambini wapewe njia ya kuja. Ukipima kila jibu lake na kuligawa, anatokea katikati. Mwanamume wa kitongoji cha matajiri nje ya Boston, anayetaka kodi zipungue, deni la taifa lishuke na kila mtu aolewe na amtakaye, naye anatokea katikati. Hawa wawili hawakubaliani juu ya jambo hata moja.

Vyama vya kati vya Marekani vimekuwa vikiandikwa na huyo wa pili, kwa kuwa ndiye mwenye hundi. Waswahili wengi ninaowajua huku, Waislamu kwa Wakristo, Wakenya, Wakongo na Wasomali wanaozungumza Kiswahili, wanafanana zaidi na huyo wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya kukitolea chama cha wastani hata dola moja, uliza kimechagua nini, si kimekwepa nini. Perot, kwa makosa yake yote, alichagua: deni la taifa lilipwe, na mkataba wa biashara na Mexico ukataliwe. Ungeweza kumpinga kwa sababu ulijua anasema nini.

Kubaki ndani na kupiga kura ya mchujo

Hii ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote. Huhitaji saini za kuingia kwenye karatasi ya kura, huhitaji wanasheria. Wanaojitokeza kwenye mchujo ni wachache, kwa hiyo kura yako ina uzito kuliko Novemba. Hapa Maine, tangu mwaka 2024, asiye na chama anaruhusiwa kuchagua mchujo wa chama kimojawapo bila kujiunga nacho.

Na kuna walioshinda kwa njia hii. Susan Collins, Republican wa Maine, alirudi Seneti mwaka 2020 wakati jimbo hilohilo lilimpa Joe Biden ushindi kwa tofauti ya pointi 9 hivi. Wilaya yetu ya uchaguzi, ya pili ya Maine, ilimpa Donald Trump ushindi mara tatu na bado ikawa inamrudisha Bungeni Jared Golden, mtoto wa hapa na mtu wa chama cha Democratic anayekipinga chama chake kila anapoona inafaa.

Lakini mchujo huohuo ndio panga. Wabunge kumi wa Republican walipiga kura ya kumshtaki Trump Januari 2021. Wanne hawakugombea tena, wanne walianguka mwaka 2022, akiwemo Liz Cheney wa Wyoming, na wakabaki wawili: Dan Newhouse wa Washington na David Valadao wa California. Tazama majimbo yao. Yote mawili hayana mchujo wa chama. Wagombea wote huwekwa kwenye karatasi moja na wawili wa juu husonga mbele. Si kinga kamili, kwa kuwa Jaime Herrera Beutler naye alikuwa wa Washington na alianguka, lakini si bahati pia.

Upande wa pili wa panga ni nembo ya chama. Larry Hogan alikuwa gavana Republican wa Maryland kwa mihula miwili, akipendwa mpaka na Wademocrat. Mwaka 2024 aligombea Seneti akashindwa kwa pointi 12 hivi. Watu walewale waliomkubali nyumbani walijua kwamba kiti kile kinaweza kuamua nani ashike Seneti nzima. Na Golden? Novemba 2025 alitangaza kwamba hatagombea tena mwaka 2026. Ndani ya chama chake alishajitokeza mpinzani wa mchujo.

Mgombea binafsi, na hesabu ya viti vitano

Hapa ndipo mimi ninapoona hoja ya chama cha tatu ina nguvu, na ni hoja tofauti na ile ya Ikulu.

Mwaka 2021 na 2022 Seneti ilikuwa 50 kwa 50. Mdemocrat mmoja wa West Virginia, Joe Manchin, aliposema Desemba 2021 kwamba hataunga mkono mpango mkubwa wa Biden wa huduma za jamii, mpango ule ulisimama palepale. Kyrsten Sinema wa Arizona naye alikuwa na uwezo huo. Hawakuwa chama, hawakuwa hata na ajenda moja, na bado nchi nzima iliwasubiri. Fikiria sasa maseneta watano wenye mkataba wao wenyewe, wasioahidi kukaa na upande wowote mpaka wasikilizwe. Viti vitano kati ya mia. Huhitaji wajumbe 270.

Wapatikane wapi? Si kwenye majimbo ya ushindani mkali, ambako kila kura ina mwenyewe. Wapatikane kwenye majimbo ambako chama kimoja hakishindi kamwe, kwa sharti kwamba chama hicho kinyonge kikae pembeni. Hili limejaribiwa. Greg Orman, Kansas, mwaka 2014: mgombea wa Democratic akajitoa, Orman akapata asilimia 42 hivi. Evan McMullin, Utah, 2022: Wademocrat hawakusimamisha mtu, akapata karibu 43. Dan Osborn, fundi na mwana chama cha wafanyakazi wa Nebraska, 2024: karibu 47.

Wote watatu walishindwa, sikufichi. Lakini mlinganishe Osborn na Kamala Harris, aliyepata asilimia 39 hivi katika jimbo lilelile siku ileile. Zaidi ya pointi 7 za tofauti, bila chama, bila nembo. Na wapo walioshinda kwa namna inayofanana: Bill Walker alipata ugavana wa Alaska mwaka 2014 baada ya kuunganisha tiketi yake na ya mgombea wa Democratic. Hapa kwetu Angus King amekuwa gavana miaka minane na seneta tangu 2013, bila chama.

Swali linalowaua wagombea hawa ni moja, nao huulizwa kila mdahalo: utakaa na nani? King hukaa na Wademocrat, kwa kuwa bila hivyo hapati kamati. Mmoja peke yake hana la kujibu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wakiwa watano swali linageuka: wale wakubwa watakaa nao kwa bei gani?

Kwa hiyo chama ndiyo, kinahitajika. Mgombea binafsi akishindwa, orodha ya wapiga kura wake, mawakili wake na wachangiaji wake hutawanyika siku ya pili yake, na anayekuja baada ya miaka sita anaanza kukusanya saini upya. Chama kidogo, cha majimbo sita au saba, kingevitunza. Forward Party, kilichoanzishwa na Andrew Yang mwaka 2021 na kuungana na vikundi vingine viwili mwaka 2022, kinajaribu kuanzia chini, kwenye nafasi za mitaa. Kasoro yake kwangu ni ileile ya Bell, maneno laini mno. Hata Elon Musk, alipotangaza America Party Julai 2025, aliitaja hesabu ya aina hii: viti viwili au vitatu vya Seneti na wilaya nane hadi kumi za Baraza la Wawakilishi. Hesabu ilikuwa nzuri kuliko chama chenyewe, ambacho kelele zake zilitulia upesi.

Kubadilisha hesabu

Maine ilijifunza kwa maumivu. Mwaka 2010 Paul LePage wa Republican alipata ugavana kwa chini ya asilimia 38. Mgombea binafsi Eliot Cutler alikuwa nyuma yake kwa pointi mbili hivi, na wa Democratic akawa wa tatu na asilimia 19. Mwaka 2016 wapiga kura wakapitisha kura ya kupanga: unawaandika wagombea kwa mfuatano, wa kwanza, wa pili, wa tatu, anayevuka nusu akikosekana, wa mwisho anatolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo lililofuata. Mwaka 2018 ndivyo Golden alivyoingia Bungeni: duru ya kwanza alikuwa nyuma kidogo, kura zilipohamishwa akapita.

Alaska ilikwenda mbali zaidi: mchujo mmoja wa wote, wanne wa juu wanaendelea, kisha kura ya kupanga. Lisa Murkowski, ambaye mwaka 2010 aliangushwa kwenye mchujo wa Republican akalazimika kushinda kwa watu kuliandika jina lake kwa mkono, mwaka 2022 hakuwa na mchujo wa kuogopa, akarudi Seneti.

Usiione dawa hii kuwa bila madhara. Uchaguzi mdogo wa Alaska, Agosti 2022, ulikuwa na Mary Peltola wa Democratic, Sarah Palin wa Republican, gavana wa zamani, na Republican mtulivu zaidi, Nick Begich. Kura zilipochambuliwa ilionekana kwamba Begich angemshinda Peltola wakiwa wawili, na angemshinda Palin wakiwa wawili. Lakini chaguo za kwanza zilimweka wa tatu, akatolewa mapema. Yaani wa katikati anaweza kuminywa hata na mfumo uliotungwa kumsaidia. Kinachoondolewa ni hofu ya kupoteza kura, na hilo peke yake ni kubwa. Ushindi ni jambo jingine.

Tena ni njia ya polepole. Mwaka 2024 Colorado, Idaho, Nevada na Oregon zote zilikataa kura ya kupanga, Missouri ikaipiga marufuku, na Alaska iliibakiza kwa tofauti isiyofika kura elfu moja. Ipo dawa ya zamani pia, chama kidogo kumteua mgombea wa chama kikubwa na jina lake kutokea mara mbili kwenye karatasi, ili kura zake zionekane zimetoka wapi. New York na Connecticut wanaitumia. Kwingi imekatazwa, na Mahakama ya Juu iliruhusu makatazo hayo mwaka 1997. Chama cha Moderate cha New Jersey kilijaribu mwaka 2022, jimbo likakikatalia.

Kwa hiyo, dola 50

Ikulu sitoi. Mwenye kuishi katika jimbo linaloamua urais, Pennsylvania au Wisconsin, kura yake ya Novemba aipige kati ya wawili wenye nafasi na nguvu zake azihifadhi kwa mchujo. Mwenye kuishi Nebraska, Utah, Idaho au Kansas, huko ndiko dola zina kazi: mgombea binafsi wa Seneti, pale tu chama kinyonge kinapokubali kukaa pembeni. Wakibaki watatu kwenye karatasi bila kura ya kupanga, funga pochi. Jioni mbili za kujitolea ningezipa kazi ya kukusanya saini za kubadilisha mfumo wa kura, popote ulipo, nikijua inaweza kushindwa mara mbili kabla ya kupita mara moja.

Jirani yangu alisikiliza yote hayo huku akimenya ndizi. Akajaza kisanduku cha wasio na chama, akaniuliza mchujo wa Juni ni tarehe ngapi, nikamwandikia. Kisha nikamfundisha kupanga kwa namba: huyu 1, huyu 2, huyu 3. Alipenda.

"Na gavana, tutamupanga vile vile?"

Nikamweleza: kwenye mchujo ndiyo; Novemba hapana. Mahakama ya juu ya Maine ilisema mwaka 2017 kwamba katiba ya jimbo inataka gavana awe yule mwenye kura nyingi kuliko wengine, hata asipofika nusu, kwa hiyo kiti kilichosababisha yote haya ndicho kilichobaki na hesabu ya zamani.

"Juu ya nini?" akaniuliza.

Nikainuka kuweka chai.